Jeraha Limepona, Tiba Haijaisha: Mionzi Baada ya Upasuaji wa Uvimbe wa Ubongo

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo mara nyingi hurudi nyumbani akiwa na nafuu ya kweli. Maumivu ya kichwa yamepungua, kutapika kwa alfajiri kumekoma, mkono uliokuwa mzito umeanza kushika kikombe, na nyuzi zimetolewa. Kwa familia ya Nshambya mjini Bukoba, au ya kijiji cha Muleba, ambayo imekwisha kuuza kahawa ya msimu mzima ili mgonjwa afike kwenye chumba cha upasuaji Mwanza au Dar es Salaam, ni rahisi kuamini kwamba kazi imekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kwa aina kadhaa za uvimbe, upasuaji ni nusu ya kwanza tu ya tiba. Nusu ya pili ni mionzi, nayo ina muda wake.

Somo hili linaeleza kwa nini mionzi hutolewa baada ya upasuaji, nani anaihitaji na nani haihitaji, jinsi inavyotolewa, madhara yake, na mambo ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya mkoani Kagera wanapaswa kuyafuatilia ili wiki za thamani zisipotee.

Kwa nini upasuaji peke yake hautoshi

Anapoondoa uvimbe wa titi au wa utumbo, daktari hukata pia sehemu ya nyama nzima inayouzunguka ili kuwa na uhakika. Ndani ya ubongo hana nafasi hiyo. Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake: hapa maneno, pale mwendo wa mguu, kwingine kumbukumbu au kuona. Akikata kupita kiasi, mgonjwa atatoka akiwa hai lakini hawezi kusema jina la mwanawe.

Zaidi ya hayo, uvimbe unaotokana na seli za ubongo wenyewe, uitwao glioma, hauna mpaka ulio wazi. Mkulima wa migomba anaweza kuufananisha na gugu la lumbugu. Jembe huondoa majani yanayoonekana, lakini vipande vya mizizi hubaki udongoni katikati ya mashina ya migomba, na mvua ikinyesha gugu huchipua tena. Hata picha ya MRI inapoonesha kwamba uvimbe wote umeondolewa, seli zisizoonekana huwa zimebaki kandokando ya shimo lililoachwa. Mionzi inazilenga seli hizo.

Mionzi huharibu vinasaba vya seli. Seli ya uvimbe, ambayo hugawanyika ovyo, hushindwa kujitengeneza na hatimaye hufa. Seli nzima ya ubongo nayo huguswa, lakini ina uwezo mkubwa zaidi wa kujirekebisha ikipewa muda. Ndiyo sababu dozi haitolewi yote kwa mara moja, bali hugawanywa katika vipande vidogo vya kila siku, kwa wiki kadhaa. Kipimo cha dozi huitwa Grei.

Faida ya mionzi imepimwa. Mwaka 1978 Michael Walker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa uvimbe mkali wa ubongo. Nusu ya wale ambao hawakupata mionzi wala dawa ya saratani walikuwa wamefariki ndani ya wiki 14. Waliopata mionzi, nusu yao waliishi takriban wiki 35 au zaidi. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 573 wenye glioblastoma, ambayo ni glioma kali kuliko zote. Wale waliopewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi walikuwa na wastani wa kati wa kuishi wa miezi 14.6, ikilinganishwa na miezi 12.1 kwa waliopata mionzi peke yake. Baada ya miaka miwili, asilimia 26.5 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 10.4 ya kundi la pili.

Takwimu hizi zisomwe kwa uaminifu. Glioblastoma haijapata tiba ya kuiondoa kabisa, na mgonjwa asidanganywe. Lakini miezi ambayo mtu anatembea, anazungumza na kupanga mambo ya watoto wake ni mali kubwa. Tena takwimu za Walker zinaonesha kwamba pale temozolomidi isipopatikana au isipomudika, mionzi pekee bado ina faida.

Majibu ya patholojia ndiyo yanayoamua

Si kila uvimbe wa ubongo huhitaji mionzi. Uamuzi hutokana na majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa kipande cha nyama kilichotolewa wakati wa upasuaji, pamoja na kiasi cha uvimbe kilichobaki, umri na hali ya mgonjwa. Mwongozo wa jumla ni huu:

Glioblastoma na glioma nyingine kali: mionzi hutolewa kwa kawaida kwa dozi ya Grei 60, ikigawanywa katika siku 30 za tiba, yaani wiki sita.

Glioma za daraja la chini: baadhi ya wagonjwa, hasa vijana ambao uvimbe wao umeondolewa wote, wanaweza kufuatiliwa kwa picha kabla ya kuanza mionzi. Wengine huhitaji mionzi, mara nyingi ya takriban Grei 54, na dawa za saratani.

Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo: ukiwa wa daraja la kwanza na umeondolewa wote, mgonjwa hufuatiliwa tu. Ukiwa wa daraja la tatu, mionzi ni ya lazima. Wa daraja la pili, au uliobaki kwa sehemu, hujadiliwa na jopo la madaktari.

Meduloblastoma, uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo unaowapata zaidi watoto: mionzi hupelekwa kwenye ubongo wote na uti wa mgongo, kisha dozi huongezwa pale uvimbe ulipokuwa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, madaktari hujitahidi kuikwepa au kuichelewesha kwa kutumia dawa, kwa kuwa ubongo wao bado unakua.

Saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo kutoka titi, mapafu au kwingineko: mionzi huelekezwa pale penye shimo la upasuaji, au kwa ubongo wote, mara nyingi Grei 30 kwa siku 10.

Kwa mhudumu wa Kagera kuna jambo la nyongeza. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na kliniki zake zinahudumia watu wengi wanaoishi na virusi. Kwa mtu mwenye VVU, kitu kinachoonekana kama uvimbe kwenye CT-Scan kinaweza kuwa toksoplazima au kifua kikuu cha ubongo, magonjwa yanayotibiwa kwa dawa wala si kwa mionzi. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumhukumu mgonjwa. Vilevile, kuwa na VVU si sababu ya kumnyima mtu mionzi pale majibu ya patholojia yanapoonesha kwamba anaihitaji.

Wiki zinazopotea

Mionzi haianzi siku ya pili baada ya upasuaji, kwa sababu ngozi na mfupa wa fuvu vinahitaji kupona. Wala haisubiri miezi. Kwa glioma kali, muda unaofaa ni kati ya wiki tatu na sita baada ya upasuaji. Kwa meduloblastoma, tafiti zimeonesha kwamba kuchelewa kupita wiki saba hupunguza matumaini ya kupona.

Wiki sita huonekana nyingi, lakini huisha upesi. Majibu ya patholojia yanaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi. Mgonjwa hukaa wodini, kisha husafiri kurudi nyumbani kupumzika. Majibu yakitoka, hakuna wa kuyachukua, au namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili ni ya ndugu aliyekwisha kusafiri. Barua ya rufaa inakosekana. Nauli inatafutwa upya. Wakati huo mgonjwa anajisikia vizuri, na kujisikia vizuri ndiko kunakomchelewesha zaidi. Anaporudi hospitalini miezi minne baadaye, akiwa na kichwa kinachouma upya na mkono uliolegea tena, mara nyingi uvimbe umekwisha kurudi.

Kinga ya hali hii ni maswali manne ambayo mgonjwa au ndugu yake anapaswa kuuliza kabla ya kuondoka wodini:

1. Majibu ya patholojia yatatoka lini, na nani atayachukua?
2. Je, aina hii ya uvimbe inaweza kuhitaji mionzi?
3. Ikihitajika, itatolewa wapi, na barua ya rufaa ataandika nani?
4. Tarehe ya mwisho inayofaa kuanza ni ipi?

Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, pamoja na namba mbili za simu za ndugu wanaoishi karibu na mgonjwa. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya anayempokea mgonjwa kwa ajili ya kusafisha jeraha aombe kuiona karatasi hiyo. Akikuta pengo, apige simu. Kwa mzee anayesema amekwisha kupona, maneno machache yanatosha: "Mzee wangu, jeraha limepona vizuri, tunashukuru. Sasa imebaki kazi ya pili, na hiyo haingoji."

Safari kutoka Kagera

Mionzi haitolewi katika kila hospitali ya mkoa, kwa kuwa inahitaji mashine za gharama kubwa, vyumba vyenye kuta nene za zege, na wataalamu wa fizikia tiba. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, huduma iliyo karibu ni ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Bukoba, au usiku mmoja kwa meli. Kituo kikongwe nchini ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Mgonjwa aliyepasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, anaweza kuelekezwa huko moja kwa moja badala ya kurudi Bukoba kwanza.

Mzigo mkubwa si nauli pekee. Tiba ya wiki sita hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila siku huchukua dakika chache. Kwa hiyo familia ipange malazi na chakula cha mgonjwa na msindikizaji kwa mwezi mmoja na nusu. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali aonwe mapema, kabla fedha hazijaisha. Ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha, na anaweza kufahamu sehemu za malazi ya bei nafuu.

Kwa wazee na wagonjwa dhaifu ipo njia fupi, nayo ni haki yao kuiuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba kwa wenye glioblastoma waliofikia miaka 60 au zaidi, Grei 40 kwa siku 15 haikuwa na matokeo mabaya kuliko Grei 60 kwa siku 30. Utafiti mwingine ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, uliotolewa mwaka 2015, ulilinganisha siku 15 na siku tano tu za mionzi kwa wazee na wagonjwa dhaifu, na haukuona tofauti ya muda wa kuishi. Kwa mzee wa Muleba, tofauti ya wiki moja na wiki sita ugenini inaweza kuwa tofauti ya kukubali tiba na kuikataa.

Tiba ikianza isikatishwe bila sababu kubwa, kwa kuwa siku zinazorukwa huupa uvimbe nafasi. Mashine nazo huharibika. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika mwaka 2016 bila kutengenezeka, na zaidi ya mwaka ukapita kabla nchi hiyo haijapata nyingine. Familia ipige simu kituoni kabla ya kusafiri na kuuliza kama mashine inafanya kazi. Ikiharibika kwa siku chache katikati ya tiba, mgonjwa asirudi nyumbani kwa uamuzi wake. Madaktari wana njia za kufidia siku zilizopotea.

Jinsi tiba inavyotolewa

Siku ya kwanza si ya mionzi, ni ya maandalizi. Mgonjwa hulala chali, kisha karatasi ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto huwekwa juu ya uso wake hadi ichukue umbo lake. Ikipoa, huwa kinyago kigumu chenye matundu, anachovalishwa kila siku ili kichwa kisisogee. Anaona na kupumua bila shida. Mwenye hofu ya kubanwa aseme mapema.

Baadaye hupigwa picha ya CT akiwa na kinyago hicho. Daktari bingwa wa tibamionzi huchora eneo la kulengwa na viungo vya kulindwa, kama macho, mishipa ya kuona na shina la ubongo. Mtaalamu wa fizikia tiba hukokotoa dozi. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na si uzembe mgonjwa anapoambiwa asubiri.

Mionzi yenyewe haionekani, haiumi wala haichomi kama moto. Mgonjwa husikia mlio wa mashine tu. Wahudumu hutoka chumbani, lakini humwona kwa kamera na kumsikia. Baada ya tiba, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwake. Anaweza kula sahani moja na wenzake, kubeba wajukuu na kulala na mwenzi wake bila kumdhuru yeyote.

Madhara na namna ya kuyakabili

Uchovu ndio dhara la kawaida zaidi, nao huongezeka kadiri wiki zinavyosonga. Nywele hudondoka pale mionzi inapopita, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili au ya tatu, na mara nyingi huota tena baada ya miezi kadhaa. Ngozi ya kichwa huweza kuwa nyekundu au kuwasha. Ioshwe taratibu kwa maji, isipakwe dawa za kienyeji wala mafuta yasiyoidhinishwa na kituo, na ifunikwe kwa kitambaa laini au kofia juani.

Kichwa kuuma na kichefuchefu huweza kutokana na ubongo kujaa maji. Deksamethasoni hupunguza hali hiyo, ila ina masharti. Itumike kwa dozi ndogo inayotosha, ikiwezekana asubuhi ili isizuie usingizi. Sukari ya damu ipimwe na tumbo lilindwe. Mgonjwa aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua, la sivyo anaweza kuzimia.

Dawa za kifafa zinahitaji macho ya mhudumu. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa iliyo katika mseto wa kawaida wa ARV. Kwa anayeishi na VVU, levetirasetamu ni chaguo salama zaidi. ARV zisikatishwe wakati wa mionzi.

Anayetumia temozolomidi apimwe picha kamili ya damu kila wiki wakati wa mionzi, na apewe kotrimoksazoli kuzuia nimonia ya wenye kinga dhaifu. Homa kwa mgonjwa huyu ni dharura.

Aliyewahi kupata degedege asiendeshe pikipiki, asiingie ziwani peke yake kwa mtumbwi, asipande mti, wala asiachwe peke yake jikoni penye moto. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali mara moja.

Kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mionzi, wengine hupata usingizi mzito na uzito wa akili kwa muda, kisha hali hutulia. Katika kipindi hichohicho MRI inaweza kuonesha kana kwamba uvimbe umekua, kumbe ni mwitikio wa mionzi. Tiba isiachwe kwa picha moja. Ilinganishwe na hali ya mgonjwa na picha inayofuata. Baada ya miaka, wachache hupata upungufu wa kumbukumbu, wa homoni, au kuoza kwa sehemu ya ubongo. Watoto waliotibiwa wafuatiliwe ukuaji na masomo yao.

Pale tiba inapofika ukomo

Uvimbe mkali unaweza kurudi hata baada ya tiba kamili. Hilo halina maana kwamba safari ilikuwa ya bure, wala kwamba mgonjwa hana tena haki ya kuhudumiwa. Tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu kwa mofini ya maji, kuzuia degedege, kupunguza kutapika na kuipa familia maelezo ya kweli, inaweza kutolewa karibu na nyumbani. Hospitali za Rubya na Ndolage wilayani Muleba, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bukoba, zishirikishwe mapema kwa barua ya muhtasari kutoka kituo cha mionzi.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa Nshambya ametimiza wiki tatu baada ya upasuaji wa glioblastoma. Jeraha limepona, majibu hayajachukuliwa. Je, hatua ya kwanza ni ipi, na ndani ya siku ngapi?
2. Kwa nini meninjioma ya daraja la kwanza iliyoondolewa yote haipelekwi kwenye mionzi?
3. Mgonjwa anayetumia dolutegraviri ameanzishiwa fenitoini baada ya upasuaji. Kuna hatari gani?
4. Binti anaogopa kulala chumba kimoja na mama yake anayepata mionzi. Ataelezwaje?

Anayeweza kuyajibu maswali haya anaweza kuokoa wiki za mgonjwa wake. Kwa uvimbe wa ubongo, wiki hizo zinaweza kuamua muda na hali ya maisha yatakayofuata.